Kuzamia kikazi chini ya barafu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu hatari zake

Maziwa ya Kanada yakishaganda, maswali huanza kumiminika kutoka kwa vijana wetu walioko huku na wanaotaka kuja. Yupo mwenye cheti cha kuzamia, yupo anayefikiria kusomea kazi hiyo, na yupo mama ambaye mwanawe ameajiriwa na kampuni ya uzamiaji na hajapata usingizi tangu asikie habari ya barafu. Nimeyakusanya maswali hayo hapa. Yanahusu kazi ya kulipwa kwenye maziwa, mito na mabwawa yaliyoganda, si uzamiaji wa mapumziko. Muda wangu mwingi katika kazi hii nimeutumia juu, nikiwa nimeshika kamba, na ndiyo maana nashikilia jambo moja: uhai wa aliye chini huamuliwa zaidi na watu waliosimama juu ya barafu, na kwa sehemu kubwa huwa umeshaamuliwa kabla hajalowa.

Kwa nini mtu ashushwe majini katikati ya baridi? Si wasubiri barafu iyeyuke?

Kazi nyingine husubiri, nyingine haziwezi. Mji unakunywa maji Januari kama unavyokunywa Julai, na bomba la kuvuta maji ziwani likiziba lazima lifikiwe. Umeme wa mabwawa unahitajika mno wakati huo huo, kila nyumba ikiwa imewasha hita. Kuna nguzo za madaraja za kukagua, kuna nyaya na mabomba yaliyolazwa chini ya mto, kuna magari na mashine zilizovunja barafu zikazama na mafuta yake.

Na iko sababu ambayo wengi hawaitarajii: barafu nene ni jukwaa zuri la kazi. Hakuna mawimbi, hakuna boti zinazopita, maji yametulia na mara nyingi ni maangavu kuliko ya kiangazi, na vifaa vinaweza kuwekwa pale pale juu ya kazi. Wapo wahandisi wanaopanga ukaguzi wao uangukie majira ya baridi kwa makusudi. Sina ugomvi nao, mradi mpango uwe umeandikwa kwa ajili ya baridi tangu mwanzo.

Maji chini ya barafu yana baridi kiasi gani?

Ziwani, maji yanayogusa barafu huwa na nyuzi 0 za Selsiasi. Kadiri unavyoshuka joto hupanda kidogo hadi karibu nyuzi 4, kwa sababu maji yasiyo na chumvi huwa mazito zaidi kwenye nyuzi 4 na hutuama chini. Mtoni, ambako maji huchanganyika, ni karibu 0 kuanzia juu hadi chini. Baharini chumvi huyafanya yashuke hadi nyuzi 1.8 hivi chini ya sifuri kabla ya kuganda.

Aliyezoea Nungwi au Diani, ambako bahari huwa kati ya nyuzi 25 na 29 hivi, asidhani tofauti ni ya kuongeza nguo tu. Maji hunyonya joto la mwili takriban mara 25 kuliko hewa. Asubuhi ya nyuzi 2 unaweza kusimama kituo cha basi na koti lako ukavumilia. Maji ya nyuzi 2 hayakupi nafasi hiyo.

Ni kitu gani hasa kinachoua?

Mara chache ni baridi peke yake. Kinachoua ni kukosa njia ya kwenda juu. Katika maji ya wazi, mzamiaji aliyeishiwa hewa kwenye mita 10 bado anaweza kuogelea kwenda juu akavuta pumzi. Chini ya barafu kuna dari, na hewa iko mahali pamoja tu, kwenye tundu aliloingilia. Hitilafu ambayo kwingine ingemkatizia kazi ya siku hiyo, hapa inageuka msiba. Na baridi ndiyo inayozalisha hitilafu hizo: vali inaganda, vidole vinakufa ganzi, akili inapungua kasi, na klipu ambayo jana aliifungua bila kuitazama leo haifunguki.

Regulata inagandaje wakati imo ndani ya maji ambayo hayajaganda?

Hewa kwenye mtungi uliojaa iko kwenye presha ya bar 200 hivi. Regulata ndicho kifaa kinachoipunguza presha hiyo ili hewa ipumulike. Hatua yake ya kwanza huishusha hadi kama bar 10 juu ya presha ya maji yaliyomzunguka mzamiaji, na gesi ikipanuka ghafla namna hiyo hupoa sana, hata chini ya sifuri. Maji ya pembeni yakiwa na nyuzi 1 au 2, hayana joto la kuirudishia. Barafu huanza kujijenga kwenye springi na vali. Unyevu wa pumzi ya mzamiaji nao huganda kwenye hatua ya pili, ile ya mdomoni. Vali ikikwama ikiwa wazi, hewa hutoka mfululizo, na kadiri inavyotoka ndivyo inavyozidi kuigandisha regulata. Mtungi ambao ungedumu nusu saa huisha kwa dakika chache, na viputo vinamziba macho asione kamba yake.

Kiwango cha Ulaya cha EN 250 hutaka regulata ya maji baridi ijaribiwe kwenye maji ya nyuzi 4 au chini ya hapo, na ile isiyokusudiwa kwa baridi hupigwa alama kuwa ni ya maji yenye zaidi ya nyuzi 10. Itafute alama hiyo kwa macho yako mwenyewe. Lakini hata iliyofaulu huganda ikitumiwa ovyo. Usiipumulie juu, kwenye upepo wa nyuzi 20 chini ya sifuri, ukingoja zamu yako. Usibonyeze kitufe cha kumwaga hewa ili kuijaribu. Usijaze suti huku unavuta pumzi ndefu. Ikae mahali pakavu penye joto hadi dakika ya kuingia. Hewa ya mtungini nayo iwe kavu, maana kichujio cha kompresa kilichochoka hupitisha unyevu, na unyevu huo hujitokeza ukiwa umeshafika chini.

Kuna vali nyingine inayosahaulika: ile ya kuingiza hewa kwenye suti kavu, yaani suti isiyopitisha maji. Ikiganda ikiwa wazi, suti inavimba na kumpandisha mzamiaji mpaka agonge barafu kwa kichwa. Lazima awe amejizoeza kuchomoa mpira wake kwa mkono mmoja wenye glavu nene, bila kuona.

Kwa hiyo wazamiaji wa kikazi hawatumii mitungi?

Kampuni makini hushusha mtu kwa hewa inayotoka juu. Anavaa helmeti inayofunika kichwa chote, na kutoka juu huja fungu la mipira iliyofungwa pamoja: wa hewa, waya wa simu, mpira mwembamba wa kupimia kina, na mara nyingi mpira wa maji ya moto ya kupasha suti. Mgongoni ana mtungi wa dharura. Faida yake ni kubwa: hewa haimwishii, msimamizi anasikia kila pumzi yake, na ule mpira wenyewe ni njia ya kumrudisha tunduni.

Sheria za OSHA, mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, hazipigi marufuku mitungi, lakini huibana. Kwa kazi, mtungi hauruhusiwi kupita futi 130, yaani mita 40 hivi, na mahali palipofungika pasipo na njia ya moja kwa moja ya kutokea mzamiaji lazima awe ameshikiwa kamba. Mimi ningeibana zaidi. Kwa kazi inayohitaji vifaa, muda na nguvu chini ya barafu, sioni sababu ya mtungi kuwa chanzo kikuu cha hewa.

Hata hivyo mpira kutoka juu una udhaifu wake wa baridi. Kompresa huvuta hewa, huipasha moto na kuibana, kisha hewa hiyo yenye unyevu hupita kwenye mpira uliolala juu ya theluji. Unyevu hutonesha matone, matone huganda, na barafu huziba mpira kidogo kidogo mahali pasipoonekana. Dawa ni kukausha hewa mapema, kumwaga maji kwenye tangi la kompresa mara kwa mara, na kutouacha mpira umezagaa nje kwenye baridi kali. Kama presha inashuka na mzamiaji hajaongeza kasi ya kazi, usisubiri kujua kwa nini. Mtoe.

Maji ya moto kwenye suti yana hatari?

Yana mbili. Yakizidi joto humuunguza, na yakikatika humwacha ndani ya suti iliyojaa maji ambayo sasa yanapoa. Hita ikizimika, kazi imekwisha hapo hapo, hata kama imebaki bolti moja. Kwa kazi fupi za kina kidogo wengi hupendelea suti kavu na nguo nene za ndani, kwa kuwa hiyo haitegemei mashine.

Mshika kamba anafanya nini muda wote ule?

Anashika kamba, na hafanyi kitu kingine. Hatumwi kuleta spana, hapokei simu, haondoki kwenda kupasha mikono. Mvutano wa kamba unamweleza karibu kila kitu. Ikilegea ghafla, mzamiaji anarudi kuelekea tundu au kamba imenasa mahali. Ikikaza kwa pembe ambayo haikuwepo, amezunguka nguzo. Simu ikikatika, kamba ndiyo inayozungumza.

Ishara za Jeshi la Majini la Marekani zinajulikana katika sekta yote. Ukivuta mara moja kutoka juu unauliza kama yuko salama, naye akivuta mara moja anajibu ndiyo. Akivuta mara 2 anataka alegezewe kamba, mara 3 ikazwe, mara 4 apandishwe. Mbili-mbili-mbili maana yake nimenasa, nahitaji mzamiaji mwingine. Tatu-tatu-tatu: nimenasa ila nitajinasua mwenyewe. Nne-nne-nne: nitoeni sasa hivi. Kampuni nyingine zina ishara zao, na hilo halina ubaya, mradi kila aliyepo amezijaribu asubuhi ile kwa vitendo. Kuitikia kwa kichwa hakutoshi.

Itakuwaje kamba ikimtoka?

Asilitafute tundu. Hili linakwenda kinyume na kila kitu mwili wake unachomwambia, na ndiyo maana lazima lifundishwe na kurudiwa. Mtu anayetafuta tundu kwa kubahatisha huenda mbali nalo kwa uwezekano ule ule wa kulikaribia, na anamaliza hewa akifanya hivyo. Anatakiwa apande taratibu hadi kwenye barafu, asimame wima akiwa ameigusa, atulie.

Juu, mzamiaji wa akiba huingia akiwa na kamba ndefu kuliko ya aliyepotea. Huogelea chini ya barafu mpaka apite umbali ambao mwenzake angeweza kufika, kisha huzunguka tundu kwa duara huku kamba ikiwa imekazwa. Kamba inafagia sehemu ya chini ya barafu na kumgusa aliyesimama wima pale. Utaratibu huu hufanya kazi ikiwa mzamiaji wa akiba amekaa pale ameshavaa, si ikiwa suti yake iko kwenye gari. Kuvaa vifaa vyote huchukua muda ambao mtu asiye na hewa hana.

Barafu inabeba uzito kiasi gani?

Msalaba Mwekundu wa Kanada hushauri unene wa sentimita 15 kwa mtu anayetembea peke yake, 20 kwa kundi, na 25 kwa pikipiki ya theluji. Kwenye maeneo ya kazi hutumika kanuni iliyotokana na uchunguzi wa Lorne Gold wa Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, uliochapishwa mwaka 1971: chukua unene kwa sentimita, uzidishe kwa wenyewe, kisha zidisha kwa 4 kama kiwango cha tahadhari, upate kilo. Sentimita 30 hubeba kilo 3,600. Sentimita 15, ambayo ni nusu yake, hubeba kilo 900, robo tu. Hesabu hiyo ni ya barafu safi ya samawati iliyoganda kutoka kwenye maji. Ile nyeupe, iliyotokana na theluji iliyolowa, huhesabiwa nusu ya unene wake.

Tatizo la kambi ya wazamiaji ni kwamba haipiti na kwenda zake. Kibanda, kompresa, hita, mitungi na watu 5 au 6 hukaa mahali pamoja siku nzima, na barafu chini ya mzigo uliosimama hupinda polepole. Kanuni ile si ya mzigo wa namna hiyo. Ukiona maji yanaanza kutuama kuzunguka kibanda, barafu imeshashuka, na unahama. Pima unene kwa kutoboa sehemu nyingi, kwa kuwa palipo na mkondo, chemchemi au bomba linalotoa maji ya vuguvugu panaweza kuwa pembamba hatua chache tu kutoka mahali pagumu. Bwawa lina lake la ziada: wakishusha kina cha maji usiku, barafu inabaki ikining'inia bila maji ya kuishikilia.

Tundu linakatwaje?

Wengi hukata pembetatu kubwa, kwa sababu pembe zake humpa anayetoka mahali pa kuegemeza viwiko pande mbili. Vipande huvutwa nje kwa koleo au husukumwa chini ya barafu pembeni. Theluji huondolewa kwa mistari inayotoka tunduni kwenda pande zote, pamoja na mishale inayoelekea tunduni, ili mwanga upenye na aliye chini aione njia. Kazi ikiisha tundu huzungushiwa alama, maana litaganda juu juu usiku na kesho yake mvuvi au mtoto atalikanyaga.

Mabwawa ya umeme yana hatari gani ya pekee?

Hapa naomba usome taratibu, kwa sababu hii ndiyo hatari ninayoiogopa kuliko zote.

Maji yakiwa juu upande mmoja na chini upande mwingine wa lango, tundu lolote kati yake hunyonya. Fikiria tundu la kipenyo cha sentimita 30, lenye tofauti ya kina ya mita 5. Nguvu inayoubana mwili ukiziba tundu hilo ni kama kilo 350. Hakuna mtu wa kujinasua hapo, na hakuna watu wa kumvuta bila kumvunja. Ubaya wake ni kwamba mvuto hupungua haraka ukisogea mbali, kwa hiyo mzamiaji hausikii mpaka amekaribia mno. Utafiti uliochapishwa na mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza, HSE, mwaka 2009 ulilichunguza jambo hili kwa kina, na kwenye ajali za aina hii mara nyingi mwokoaji hunaswa pia. Kinachomwachia aliyenaswa ni kusawazisha maji ya pande mbili, na hilo huchukua muda.

Baridi huongeza lake. Mwanzoni mwa majira, kabla mto haujafunikwa na barafu, usiku mkavu wenye upepo hupoza maji yanayokwenda kasi hadi sehemu ndogo ya nyuzi chini ya sifuri. Ndani yake huzaliwa chembe za barafu bapa, ndogo kama magamba ya samaki, ziitwazo frazili. Hunata kwenye chuma chochote. Zikifika kwenye nondo zinazozuia takataka zisiingie kwenye mitambo, huanza na utando, halafu unakuwa mnene kama mkono, halafu nondo zinaungana. Kwa saa chache mdomo mzima wa maji unaweza kuzibika. Nyuma ya nondo maji yanashuka, mbele yanabaki juu, na sasa una ukuta wenye presha upande mmoja. Hapo ndipo simu inapigwa kuomba mzamiaji aende akakwangue.

Jibu sahihi ni hapana, mpaka mitambo isimame, lango lifungwe, kufuli litiwe na kibao kitundikwe, na ufunguo ukae mfukoni mwa msimamizi wa wazamiaji. Fundi wa zamu kusema kwa redio kwamba amezima si uthibitisho. Na mara nyingi hata mzamiaji hahitajiki: mtiririko ukisimama na jua likachomoza, maji hupanda joto sehemu ndogo tu ya nyuzi, na frazili hupoteza kunata kwake. Mto ukishafunikwa na barafu kamili, frazili huacha kuzaliwa chini yake, na ndiyo maana kampuni za umeme hutandaza maboya juu ya mto ili barafu ishike mapema.

Hatari ya mnyonyo haihitaji baridi, kwa taarifa ya walioko nyumbani. Iko vile vile Kidatu na Masinga.

Baridi inaufanyia nini mwili?

Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba amefundisha watu kukumbuka namba tatu kwa anayetumbukia bila kinga: dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika 10 za kuweza kutumia mikono, saa 1 kabla ya kupoteza fahamu kwa baridi. Hiyo ni ya mshika kamba aliyeteleza, na ndiyo sababu kila aliye karibu na tundu anapaswa kuvaa suti ya kuelea na kujifunga kamba.

Mzamiaji aliyevaa vizuri hupatwa polepole. Vidole huanza. Kisha uamuzi: anarudia swali aliloshajibiwa, anafunga bolti isiyohusika, majibu yake kwenye simu yanakuwa mafupi na mazito. Yeye hajui. Atasema yuko sawa, na anaamini hivyo. Msimamizi mwenye sikio humtoa kwa namna anavyozungumza, bila kujali anachosema.

Je, baridi huongeza hatari ya ugonjwa wa viputo vya naitrojeni?

Ndiyo, na namna yake ni muhimu. Ugonjwa huu hutokea pale naitrojeni iliyoingia mwilini ukiwa chini inapogeuka viputo wakati wa kupanda. Watafiti wa Jeshi la Majini la Marekani walionyesha mwaka 2007 kwamba mpangilio mbaya zaidi ni kuwa na joto ukiwa chini na kupoa wakati wa kupanda. Joto linafungua mishipa, gesi inaingia kwa wingi mwilini. Ubaridi unaibana, gesi inashindwa kutoka. Hivyo ndivyo ilivyo siku ya mtu anayefanya kazi ngumu chini kisha akaning'inia kwenye kamba akitetemeka. Kanada hutumika sana majedwali ya DCIEM, ya kupangia muda wa kukaa chini na wa kupanda, yaliyotengenezwa Toronto kwa kuwapima wazamiaji waliokuwa wakifanya kazi kwenye maji baridi. Hata nayo, wasimamizi wenye busara huhesabu kana kwamba muda wa chini ulikuwa mrefu zaidi.

Kuna wanyama wa hatari?

Kwenye maziwa ya Kanada, hapana. Antaktika mwaka 2003 mtafiti wa Uingereza, Kirsty Brown, aliuawa na sili-chui karibu na kituo cha Rothera, lakini alikuwa akiogelea juu ya maji kwa bomba la kupumulia, hakuwa chini ya barafu.

Kibandani tumewasha hita na kuna joto zuri. Kuna tatizo?

Huenda. Hita ya gesi au mafuta ndani ya kibanda kilichozibwa kila upenyo hutoa kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi. Maumivu ya kichwa ya watu wawili kwa wakati mmoja si uchovu. Na kama mdomo wa kompresa uko upande ambao moshi wa jenereta unapeperushiwa, sumu hiyo hiyo inapelekwa kwa mzamiaji ikiwa imeshindiliwa kwa presha. Upepo hugeuka, kwa hiyo mdomo huo hukaguliwa siku nzima. Weka kipimo cha gesi hiyo kibandani, kingine kwenye hewa ya kompresa.

Akitolewa amepoa sana, tufanye nini?

Mlaze chali, mshughulikie kwa upole. Msimsimamishe, msimtembeze, msimsugue mikono na miguu, msimpe pombe. Moyo uliopoa chini ya nyuzi 28 unaweza kuvurugika kwa mtikiso tu. Mkaushe, mfunike, mpashe kiwiliwili kwanza. Kama hapumui, anzeni kumpulizia pumzi na kumkandamiza kifua, na msiache kwa sababu anaonekana amekufa.

Anna Bågenholm, daktari wa Kiswidi, alianguka kwenye kijito kilichoganda karibu na Narvik, Norway, Mei 1999. Alikaa chini ya barafu dakika 80, nusu yake akipumua kwenye mfuko wa hewa. Joto la mwili wake lilishuka hadi nyuzi 13.7. Hospitali ya Tromsø ilimpasha kwa mashine ya moyo na mapafu, akapona, akaendelea na udaktari. Kisa hiki kinatufundisha kutokata tamaa na mtu aliyepoa, lakini kisichukuliwe kama mpango. Bågenholm alipoa sana kabla moyo haujasimama. Mzamiaji aliyevaa suti yenye joto akiishiwa hewa, ubongo wake bado una joto, na hana kinga hiyo.

Kwa nini wasitumie roboti?

Wanatumia, na wangetumia zaidi. Kukagua ukuta au kutazama bomba hakuhitaji mtu tena. Chombo chenye kamera kinatosha. Mtu huitwa pale panapohitaji kukata, kufunga na kupapasa. Yakutia, huko Urusi, mafundi wa meli wana njia yao ya kukwepa maji kabisa: hukata barafu kuzunguka meli iliyoganda mtoni, tabaka kwa tabaka, wakiiacha baridi igandishe zaidi chini kila wanapochimba, mpaka wanaifikia rafadha wakiwa wamesimama pakavu.

Nina cheti cha kuongoza watalii kuzamia Zanzibar. Naweza kuanza kazi hii?

Si kwa cheti hicho. Kanada utahitaji sifa za uzamiaji wa kikazi zinazokubaliwa, kama zile zinazothibitishwa na Diver Certification Board of Canada, pamoja na kipimo cha daktari anayejua uzamiaji. Mazoea yako ya majini ni mtaji wa kweli, na utulivu haufundishwi darasani kwa urahisi. Lakini ufundi wa kazi, presha za mabwawa na kushika kamba utavianza upya, na mwaka wa kwanza utegemee kuwa juu.

Mwanangu ameitwa kazini wiki ijayo. Amuulize nini mwajiri?

Aulize watakuwa watu wangapi, na nani kati yao ni mzamiaji wa akiba asiye na jukumu lingine. Aulize hewa itatoka wapi. Aulize nani amepima barafu, lini, na apewe namba. Kama ni bwawa, aulize kufuli la lango litafungwa na nani na ufunguo atakaa nao nani. Aulize hospitali yenye chumba cha mgandamizo, kinachotibu ugonjwa wa viputo, iko wapi na watamfikishaje huko theluji ikifunga barabara. Kampuni nzuri hujibu yote haya kabla hajamaliza kuuliza, kwa kuwa yameandikwa kwenye mpango wa kazi unaotakiwa na kiwango cha Kanada cha usalama wa uzamiaji, CSA Z275.2, na kanuni za majimbo, kama ile ya Ontario namba 629/94.

Akijibiwa kwamba ni kazi ndogo, watakuwa wawili tu na mitungi, asiende. Akiwa ameshafika na kukuta hali hiyo, amwambie msimamizi waziwazi kwamba anakataa kwa sababu ya usalama, na aseme hatari yenyewe ni ipi. Ontario haki hiyo iko kwenye kifungu cha 43 cha sheria ya afya na usalama kazini: mwajiri anatakiwa kuchunguza mbele yake, na wakishindwa kuelewana mkaguzi wa serikali anaitwa. Hawaruhusiwi kumfukuza wala kumwadhibu kwa hilo, na haijalishi kama ana kibali cha muda au uraia.